Makazi juu ya magurudumu: kamati yetu ilivyonunua trela la mwalimu

Mke wa mwalimu wetu wa madrasa ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda ndani ya trela lile, naye alipanda na kanga mkononi. Sisi wanakamati sita tulibaki chini tukiyazunguka matairi na kuyapiga mateke, kana kwamba teke humjulisha mtu lolote juu ya tairi. Yeye aliitandaza kanga sakafuni, akaiokota, akaitandaza tena mbele yake, akawa anahesabu kimoyomoyo hadi akagota ukuta wa mwisho. Kisha akarudi mlangoni, akatuinamia na kutuuliza kwa adabu: "Wazee wangu, milango hii ikifungwa, aliyelala ndani ataifungua kwa wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tumekwisha kulikagua trela hilo siku mbili, tukiwa na fundi na karatasi ya maswali ishirini na moja niliyoiandika kwa mkono wangu mimi katibu. Swali hilo halikuwamo.

Naandika makala haya kwa sababu tangu mwalimu ahamie, wamenijia ndugu kutoka Mugumu, Nyamwaga na hata Sirari wakitaka kujua namna ya kununua nyumba ya aina hiyo. Wengine ni mafundi wanaofuata kazi za barabara, wengine ni watumishi wa kambi za watalii zinazohama na msimu wa nyumbu, wengine ni watu wa kawaida waliochoka kujenga mahali wasipojua watakaa miaka mingapi. Huwaeleza nusu nusu, barazani, kati ya sala na sala. Hapa nitaeleza yote, pamoja na yale yanayonitia haya.

Msikiti wetu uko kando ya njia itokayo Tarime kwenda Mugumu, kabla ya kuvuka mto Mara, katika eneo ambalo watu wote hulijua kwa jina la Nyamongo. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji hapa mwaka 2002, na tangu hapo vijiji kama Kewanja, Nyangoto, Kerende, Matongo na Genkuru vimezoea habari za uthamini, fidia na kuhama. Lugha ya hapa imepata hata neno lake, tegesha, yaani kuinua vijumba vya haraka haraka juu ya ardhi inayotarajiwa kuchukuliwa, ili siku ya kuhesabu vihesabiwe. Mimi sioni uhalali wa jambo hilo, wala sikusudii kulijadili leo. Nalitaja kwa kuwa ndilo lililotufunga mikono. Kiwanja tulichopewa kwa ajili ya nyumba ya mwalimu kilikuwa na maneno juu yake. Kujenga nyumba ya tofali pale kungeonekana ni tegesha, na kutojenga kulimwacha mwalimu, mkewe na watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga ambacho kodi yake ilipandishwa mara mbili katika mwaka mmoja. Mwalimu alikwisha kutuaga kwa upole kwamba akipata kwingine ataondoka. Watoto zaidi ya mia moja wangebaki bila wa kuwafundisha.

Hapo ndipo kijana mmoja wa jamaa zetu alipotuonyesha kwenye simu picha za nyumba za magurudumu za Marekani. Ni nyumba kamili, yenye jiko, bafu na chumba cha kulala kilichoinuka upande wa mbele, nayo huvutwa na gari la pikapu kubwa. Kule huziita "gurudumu la tano", na jina hilo lina asili yake. Katika magari ya farasi ya zamani palikuwa na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli iweze kugeuka. Magurudumu manne yalikimbia barabarani, na hilo la tano lililala tu na kubeba mzigo. Duara hilo ndilo lililokuja kuwa ile sahani ya chuma iliyo mgongoni mwa kichwa cha semi, ambayo ndani yake huingia pini ya trela. Mwaka 1914, mhunzi wa Detroit aitwaye August Fruehauf alimtengenezea mteja wake trela la kubebea mashua, likavutwa na gari dogo la Ford, na kazi yake ikawa chanzo cha kampuni kubwa ya matrela. Katika miaka ya 1920, Glenn Curtiss, mtu wa ndege, akatengeneza trela la kusafiria na kulala lililojulikana kama Aerocar. Basi kila semi unayoiona ikipanda kuelekea Sirari ni ndugu wa nyumba zile za kwenye picha. Wamarekani waliweka vitanda mahali ambapo sisi huweka saruji.

Kijana alitaka tuagize moja. Tulilipima wazo lake kwa uadilifu, kwa kuwa bei ya zile zilizotumika haikuwa ya kutisha kama tulivyodhani. Lililotushinda halikuwa bei. Nyumba zile huundwa kwa umeme wa volti 120, na wa kwetu ni 230. Kila kifaa kilichomo kingehitaji kubadilishwa au kuwekewa mashine ya kupunguza umeme. Mlango wake huwekwa upande wa kulia, kwa kuwa kule magari hupita kulia, na kando ya barabara ndiko huko. Kwetu, ukisimama njiani, mtoto atashuka katikati ya magari. Halafu kuna uzito. Sehemu ya uzito wa trela lile, aghlabu kati ya asilimia 15 na 25, hukaa juu ya mgongo wa gari linalolivuta, kwa hiyo pikapu zetu za kawaida zingevunjika springi kabla ya kufika Nyamwaga. Na zile kuta zinazosukumwa nje ili kupanua sebule, ambazo ndizo zilizompendeza kijana, huendeshwa na mota na meno madogo ya chuma. Nani atazitengeneza hapa, na kwa vipuri gani?

Wazee wawili wa kamati walipendelea kontena. Hoja yao ilikuwa nzito. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 na upana wa mita 2.44, ni la chuma imara, na madukani kote limeshazoeleka. Ila eneo lake la ndani halifiki mita za mraba 14, na tulikuwa tunahesabu roho tano. Pili, kontena halina magurudumu. Siku ya kuhama utalipa kreni na lori pamoja. Na nimwambie msomaji jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji: sakafu za mbao za makontena mengi zilitiwa dawa ya kuulia wadudu, na kibati kilichogongomelewa mlangoni huandika dawa hiyo na mwaka wake. Anayetaka kulaza watoto humo akisome kibati hicho kwanza, na ikibidi aing'oe sakafu.

Tukaamua kutafuta trela la semi la hapa hapa, lililokwisha kufanya kazi yake barabarani. Hatukuwa na haja ya kumiliki kichwa cha kulivuta. Kichwa hukodishwa kwa siku moja, nasi tulihitaji siku moja ya kuja na, Mungu akipenda, siku moja ya kwenda.

Sasa nafika kwenye aibu yangu. Trela la kwanza tulilolipata lilikuwa na kibanda cha mbao juu yake, lililowahi kutumika kama ofisi na malazi katika kambi ya ujenzi. Lilipakwa rangi mpya ya buluu, lina madirisha, lina hata rafu za vitabu. Nilipoziona rafu akili yangu ilitulia, maana mtu wa vitabu hudanganyika kwa vitabu. Muuzaji alisema wako wengine wawili wanalitaka. Nikampa shilingi 900,000 za kutanguliza kutoka katika michango ya Ijumaa, nikaandika karatasi fupi, tukatia saini. Sikuingia chini ya trela. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe.

Juma lililofuata tulimpeleka dereva mstaafu wa semi, mtu aliyeendesha njia ya Mwanza na Sirari miaka mingi. Yeye hakutazama rafu. Alilala chali chini ya shingo ya trela, pale ambapo chesisi inashuka kutoka sehemu ya mbele iliyoinuka kwenda sehemu ya nyuma, akakwaruza rangi kwa bisibisi. Chini ya buluu palikuwa na ufa uliochomelewa, na juu ya mchomeleo ufa mwingine. Alitueleza kwamba hapo ndipo mahali pa kwanza pa kutazama kwa kuwa uzito wote wa mbele hupinda pale, na kwamba rangi mpya mahali pamoja, huku pengine pote pakiwa pa zamani, ni ushahidi unaojitosheleza. Akapima pini kwa kipimo chake cha chuma. Pini nyingi za semi huwa na kipenyo cha milimita 50 zikiwa mpya. Hii ilikuwa imelika upande mmoja. Akasoma namba nne za mwisho zilizo ubavuni mwa tairi, ambazo mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Matairi yale yaliyong'arishwa yalikuwa na umri wa kuanza darasa la saba.

Hayo yangetosha, lakini lilikuja kubwa zaidi. Trela husajiliwa peke yake, lina kadi yake na namba zake, mbali na kichwa kinacholivuta. Tulipodai kadi tukakuta jina si la muuzaji. Lilikuwa jina la marehemu baba yake, na warithi wengine, wakiwemo wawili wadogo, hawakuwa na habari ya mauzo. Hapakuwa na hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kwa maneno mengine, mimi, mhitimu wa chuo cha Kiislamu, niliyesoma milango ya mauzo na ya faraidhi na kuifanyia mitihani, nilikuwa nimetoa fedha ya msikiti kununua mali yenye mafungu ya mayatima ndani yake.

Muuzaji alishika kwamba pesa ya kutanguliza hairudi. Wanazuoni wana maneno juu ya malipo hayo, yaitwayo arabuni: jamhuri yao, wakiwemo Mashafii, hawakukubali sharti la kwamba mnunuzi akiacha basi pesa imekwenda, na Imamu Ahmad aliliruhusu. Lakini hitilafu hiyo haikuwa na nafasi katika jambo letu, kwa kuwa aliyeuza hakuwa na mamlaka ya kuuza kitu kizima. Wazee wa ukoo wao walikaa nasi, wakatuelewa, tukarudishiwa 600,000. Zilizobaki bado tunazidai. Nilisimama baada ya sala ya Ijumaa nikaueleza umma, na ile laki tatu nimeahidi kuilipa mwenyewe kidogo kidogo, kwa kuwa waliochanga hawakunituma niogope kuchafua kanzu.

Trela la pili, lile la kanga, lilipatikana Musoma. Lilikuwa boksi la baridi la kusafirishia minofu ya sangara, mashine yake ya kupooza imekwisha kufa, na mwenyewe alikuwa analiuza kwa bei ya chuma chakavu au zaidi kidogo. Urefu wake ni mita 13 na ushei, upana wa ndani karibu mita mbili na nusu. Safari hii tulianza na kadi, tukalinganisha namba ya chesisi na ile iliyopigwa kwenye chuma chenyewe, kisha tukaingia chini, mimi wa kwanza, nimevaa suruali ya shambani. Chesisi ilikuwa na kutu ya juu juu, bila ufa. Muuzaji alikubali tuandike katika mkataba kwamba tuna siku tatu za hiari, tukiona hatulitaki tunarudisha, na kwamba aibu yoyote ya zamani aliyoificha inaturudishia haki yetu. Yeye alitaka tulipe nusu na nusu nyingine baada ya miezi minne, na tukichelewa iongezeke kila mwezi. Nyongeza hiyo tulimwambia ni riba, hatuwezi. Akapandisha bei kidogo tangu mwanzo, ikawa moja, haibadiliki, tarehe zikaandikwa, mashahidi wakatia saini. Aya ndefu ya deni katika Suratul Baqara inatuagiza kuandika, dogo au kubwa, na naona ajabu jinsi tunavyoisoma kwa tajwidi nzuri kisha tukakopeshana mamilioni kwa mdomo.

Faida ya boksi la baridi ni kuta zake. Katikati ya mabati mawili kuna povu gumu linalozuia joto kupita. Tarime ni nchi ya juu, usiku wake ni wa baridi, na anayelala katika bati tupu au kontena tupu huamka alfajiri ukuta umelowa maji kwa pumzi zake mwenyewe. Mchana jua la Mara nalo linajulikana. Boksi letu hukaa na hali moja kama nyumba ya udongo.

Lakini faida hiyo hiyo ndiyo hatari yake, na hapo ndipo swali la yule mama lilipotuamsha. Boksi la baridi limeundwa lisipitishe hewa. Milango yake miwili ya nyuma hufungwa kwa vyuma virefu vinavyozungushwa kutoka nje tu, kwa kuwa samaki hawahitaji kutoka. Sasa fikiri, ndugu msomaji, usiku wa baridi, mama ameingiza jiko la mkaa lililobaki na makaa mekundu ili watoto wapate joto, kama wafanyavyo wengi katika milima yetu, na upepo umeifunga milango. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu mahali pa oksijeni. Mtu huweza kuumwa kichwa na kuhisi kizunguzungu asijue sababu. Na aliyekwisha kulala huweza asiamke tena. Nyumba ya tope yenye mianya chini ya paa huweza kumwokoa mtu bila yeye kujua. Boksi la samaki halitamwokoa.

Kwa hiyo kabla ya kuhamisha hata kijiko tulifanya haya. Milango ya nyuma iliondolewa, tukatia ukuta na mlango wa kawaida wenye kitasa cha ndani. Mlango wa pili ulifunguliwa ubavuni, upande wa mbele, ili moto ukizuka mwisho mmoja watu watoke mwisho mwingine. Kila chumba kilipata madirisha mawili yanayokabiliana, na juu ya kila dirisha tundu lenye wavu wa mbu lisiloweza kufungwa. Watoto walijaribu kuliziba kwa gazeti wakazuiwa. Jiko ni nje, katika kibanda chake, mvua inyeshe isinyeshe, na mwalimu amepigilia ubao ndani ya mlango: hapaingii makaa.

Fundi wa kwanza alitaka kukata madirisha na kuchomelea fremu kwa moto. Tulimzuia. Lile povu la ndani ya kuta likishika moto hutoa moshi wa sumu, na cheche moja inaweza kulala ndani ya ukuta ikifuka mahali usipopaona. Alikata kwa msumeno, akafunga fremu kwa bolti na ribiti. Kazi ilichukua siku kumi na moja badala ya tatu, na tulilipa siku zote hizo. Dereva wetu mstaafu alikuwa amemwekea alama kwa chaki kila mahali penye nguzo ya ukuta, ili asiiguse.

Harufu ya samaki? Tuliosha kwa maji moto na sabuni, kwa siki, kwa majivu, kwa chokaa. Wiki tatu milango na matundu vilikaa wazi. Imekwisha, ila siku za mvua nyingi paka wa jirani huja kuketi chini ya trela na kutazama juu.

Kugawa vyumba kulileta ubishi kuliko kununua. Sisi tulichora wazazi nyuma, watoto katikati, sebule mbele penye mlango mkubwa, tukaona tumemaliza. Mke wa mwalimu akaitazama ramani na kusema kwamba wageni wa mwalimu ni wengi na binti yake ana miaka kumi na mmoja. Akitaka kwenda chooni wakati wageni wamekaa, atapita mapajani mwao? Suratun Nur imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani hupiga hodi kabla ya kuingia kwa wazazi: kabla ya alfajiri, wakati wa kupumzika mchana na baada ya isha. Hodi inahitaji mlango. Tukageuza. Mlango wa ubavuni ukawa wa familia, ukielekea chooni; ule wa nyuma ukawa wa wageni; kati ya sebule na vyumba pakawa na ukuta kamili, si pazia. Chumba cha binti kina upana wa kanga moja na nusu, nacho ni chake.

Kulileta kutoka Musoma kulihitaji kichwa cha kukodi, na lilivuka daraja la Kirumi alfajiri kabla magari hayajazidi. Kutoka Tarime mjini kuja huku kijana mmoja alikaa mbele na pikipiki akiangalia nyaya za umeme zinazokatiza njia, kwa maana boksi la namna hiyo hufika karibu mita nne kutoka ardhini, na nyaya za vijijini hazikulingojea. Anayefikiria kununua aipite njia yote kwanza kwa miguu au pikipiki, ajue kila kona, kila kalvati na kila waya. Bei ya trela lenyewe, nilipofunga hesabu, haikufika nusu ya fedha yote iliyotumika. Wengi huleta kwangu bei ya muuzaji wakidhani ndiyo gharama.

Kusimama nako ni kazi. Udongo mweusi wa mbuga, ulioenea katika mabonde ya mto Mara na sehemu kubwa za Serengeti, huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Trela likisimama juu yake litainama masika ya kwanza na milango itagoma kufunguka. Tulichimba, tukajaza moramu, tukaishindilia, tukaweka matofali ya zege chini ya chesisi sehemu sita. Ile miguu miwili ya mbele ya trela haikuumbwa kubeba nyumba kwa miaka. Matairi tuliyaacha yaguse ardhi kwa wepesi tu, yamefunikwa magunia dhidi ya jua, na kila baada ya miezi michache magurudumu huzungushwa kwa mkono ili beringi zisigandie mahali pamoja. Ubavu mrefu unatazama kaskazini na kusini, hivyo jua la asubuhi na la jioni hupiga ncha fupi, na kibla, ambayo kwetu ni kaskazini ikiegemea mashariki kidogo, imelingana na madirisha karibu sawasawa. Juu tumefunga paa la pili la bati, limeacha nafasi ya kupita upepo, na maji yake huingia kwenye simtanki. Chuma kimeunganishwa kwa waya na fimbo iliyozamishwa ardhini, kwa sababu ya radi na kwa sababu ya umeme wenyewe. Ngazi ina vishikio pande zote mbili. Sakafu iko juu kiasi cha mita moja na robo, na mtoto wa mwisho ana miaka miwili.

Wapo waliouliza kama trela hili litahesabiwa siku wathamini wakipita. Tumewajibu kwamba ni mali inayohamishika, ni ya msikiti, imeandikwa hivyo katika daftari, na siku hiyo tutakodi kichwa. Yule dereva mstaafu amekwisha kuitia grisi pini na kuifunga kwa mpira.

Mwalimu alihamia siku ya Jumamosi. Madrasa ilifunguliwa Jumatatu kama kawaida. Tunadaiwa awamu moja ya mwisho na muuzaji wa Musoma, na fundi bado hajaleta nyavu za matundu mawili ya upande wa kaskazini. Mke wa mwalimu ameyafunga kwa kitambaa chepesi cha chandarua kwa muda, na ameniagiza nimkumbushe fundi. Nitampigia leo baada ya alasiri.